Jinsi ya kutoa maoni ya nauli na kanuni za usafiri Arusha na Moshi yakafanyiwa kazi

Tangazo la mkutano wa wadau likitoka, liwe la nauli mpya au la rasimu ya kanuni, abiria wengi hulipata redioni au kwenye grupu la WhatsApp, kisha wanangoja siku ya mkutano waende wakaseme. Hapo ndipo wanapopoteza. Mkutano ni wa saa chache, wasemaji ni lundo, na ofisa anayeandaa ripoti jioni anahitaji kitu cha kushika mkononi. Maoni yanayobadilisha jedwali la nauli au kifungu cha kanuni ni yale yaliyoandikwa, yanayotaja kifungu, yenye hesabu, na yaliyopokelewa kabla ya siku ya mwisho. Kusema ukumbini ni nyongeza tu.

Nani anaamua nini

Barua nyingi zinakufa kwa sababu zimeenda kwa asiyehusika. Nauli za daladala na mabasi, ruti na leseni za magari ya abiria ni kazi ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri ardhini, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 ikarithi shughuli za nchi kavu za SUMATRA, iliyokuwa mamlaka ya usafiri wa majini na nchi kavu. Barabara kuu na za mkoa, pamoja na hifadhi yake, ni TANROADS, wakala wa barabara. Barabara ya Arusha hadi Moshi na Himo imo humo. Barabara za mitaa ni TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini. Stendi, ushuru wake, vyoo vyake na sheria ndogo zake ni Halmashauri ya Jiji la Arusha au Manispaa ya Moshi. Ukisimama kwenye mkutano wa nauli ukalalamikia tope la stendi, utapigiwa makofi, na kwenye ripoti utaandikwa "nje ya mada".

Angalia pia uzito wa andiko lenyewe. Sheria hutungwa na Bunge. Kanuni husainiwa na waziri na kutangazwa kwenye Gazeti la Serikali kwa namba ya tangazo. Mwongozo hutolewa na taasisi yenyewe, na ndio rahisi kuliko yote kurekebishwa. Kwa hiyo kabla ya kuomba jambo, jiulize kama anayekusikiliza ana uwezo wa kulitoa. LATRA haiwezi kufuta kifungu cha sheria kwa sababu wakazi wa Pasua, mtaa wa Moshi, wamekasirika, lakini inaweza kurekebisha umbali wa ruti ulioandikwa vibaya.

Pata karatasi yenyewe, si habari zake

Nenda ofisi ya mkoa ya taasisi husika siku ileile uliyosikia tangazo, au ingia kwenye tovuti yake. Omba vitu viwili: rasimu inayotolewa maoni, na kanuni au jedwali linalotumika sasa. Bila hilo la pili hutajua ni nini kinabadilika. Kwa nauli, omba na cha tatu, ambacho ndicho chenye nyama: maombi ya wasafirishaji pamoja na mchanganuo wa gharama zao, yaani mafuta, matairi, vipuri, mishahara, bima na marejesho ya mkopo wa gari.

Ukizungushwa, andika ombi rasmi chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016. Inaitaka taasisi ijibu ndani ya siku 30. Tatizo ni kwamba dirisha la maoni linaweza kufungwa kabla ya hizo siku 30 kwisha, ndiyo maana siku ya kwanza ni ya thamani kuliko siku tano za mwisho.

Hesabu

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo maoni ya abiria yanapozidiwa na ya wamiliki. Wamiliki wana chama, na chama kinakuja na majedwali. Abiria anakuja na "maisha ni magumu". Ni kweli ni magumu, ila hakuna safu ya kuyaingiza.

Anza na umbali. Nauli ya basi la masafa marefu hupangwa kwa kila kilomita ya abiria mmoja. Mabadiliko yaliyoanza Desemba 2023 yalipandisha daraja la kawaida kutoka shilingi 41.29 hadi 48.47 kwa kilomita. Chukua Arusha hadi Moshi kuwa kilomita 80: awali ilikuwa 3,303.20, baadaye 3,877.60. Tofauti ni shilingi 574.40 kwa safari. Anayefanya kazi Moshi na kulala Arusha, siku 22 kwa mwezi, kwenda na kurudi, anaongeza 25,273.60 kila mwezi. Sentensi hiyo moja ukiiandika kwenye barua, pamoja na mshahara wa kima cha chini wa sekta yako, ina nguvu kuliko ukurasa mzima wa malalamiko.

Daladala hupangiwa kwa makundi ya umbali. Kundi la kwanza linaishia kilomita 10, na katika mabadiliko hayohayo lilitoka shilingi 500 likawa 600. Makundi yana hatari yake: ruti ikiandikwa kilomita 11 badala ya 9 na ushee, kila abiria anayefika mwisho wa ruti analipa kundi la juu. Kwa hiyo pima. Panda gari, piga picha ya kilomita kwenye dashibodi gari likiwa getini mwa stendi, piga nyingine kituo cha mwisho. Rudia kwenye kurudi, kwa sababu njia za upande mmoja mjini hurefusha safari ya upande mmoja tu. Ramani ya simu itumie kuhakiki, usiitegemee peke yake; mara nyingi inakupitisha njia ambayo daladala haipiti.

Kisha mafuta. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na bei za Arusha na Moshi zimo kwenye jedwali. Anayetaka nauli ipande atachagua mwezi bei ilipopaa, na anayeipinga atachagua mwezi iliposhuka. Wewe chukua miezi 12 mfululizo utafute wastani. Hakuna atakayekukosoa, na yeyote aliyechagua mwezi mmoja ataonekana.

Ulaji wa mafuta usiukisie. Mwombe dereva au deiwaka (dereva wa kibarua cha siku) anayekubali: tanki lijazwe hadi juu asubuhi, gari lifanye kazi siku nzima, lijazwe tena pampu ileile jioni. Kilomita za siku gawanya kwa lita zilizoingia. Siku moja haitoshi. Siku ya soko na siku ya kawaida hazifanani, kwa hiyo fanya zote mbili.

Mwisho, hesabu vichwa. Simama kituoni saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa moja jioni, andika kila gari limepita na abiria wangapi. Mchanganuo wa wamiliki unaweza kudhani gari linaenda nusu tupu. Ukionyesha kwamba asubuhi watu wananing'inia mlangoni, dhana hiyo inayumba, na nauli iliyojengwa juu yake nayo inayumba.

Kuandika

Kurasa mbili zinatosha. Juu weka jina lako, unapoishi, unawakilisha nani na wangapi, na jina kamili la rasimu. Halafu kila hoja iwe na vitu vitatu: sehemu inayohusika, tatizo na ushahidi wake, na maneno unayotaka yawekwe badala yake. Mfano, tarakimu zikiwa za kubuni:

"Jedwali la nauli, mstari wa 7. Ruti imeandikwa kilomita 11. Tumeipima mara mbili kwenda na mara mbili kurudi, kutoka geti la stendi hadi kituo cha mwisho. Wastani ni kilomita 9.6. Picha nane za dashibodi zimeambatishwa. Tunaomba ruti ihamishiwe kundi la kilomita 0 hadi 10."

Angalia lile ombi la mwisho. Ofisa anaweza kulihamisha jinsi lilivyo. Ukiandika "tunaomba mamlaka iangalie suala hili", ataliangalia, basi.

Kwenye rasimu ya kanuni usiishie "kifungu kifutwe". Andika kisomekeje. Na usipinge kila kitu. Taja vifungu viwili vitatu unavyoviunga mkono na sababu, ili vile unavyovipinga visionekane ni ubishi. Barua moja iliyonakiliwa na kusainiwa na watu 200 huhesabiwa kama hoja moja. Barua tano tofauti, ya mwanafunzi, ya mama muuza ndizi anayelipia na mzigo, ya mtu mwenye ulemavu, ya konda, ya mwajiri, ni hoja tano.

Kuifikisha

Peleka nakala mbili kwenye masjala. Moja wabaki nayo, nyingine wagonge muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo. Ukituma kwa barua pepe, tuma katika muundo wa PDF na uombe wathibitishe kuipokea. Nakala nyingine peleka LATRA CCC, baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini, ambalo kazi yake ni kusemea abiria. Wape siku kadhaa kabla ya mkutano, siyo mlangoni asubuhi hiyo, maana nao wanaandaa andiko lao.

Ukumbini

Wahi ujiandikishe, orodha ya wasemaji hufuata waliotangulia. Jipange kwa dakika tatu. Sema jina, sema maoni yako yameshawasilishwa kwa maandishi tarehe fulani, kisha chagua hoja moja tu, ile yenye tarakimu nzuri, na umalizie na ombi. Wakisoma mchanganuo wa gharama, uliza chanzo cha tarakimu moja mahususi. Swali la "mmedhani gari linabeba abiria wangapi kwa safari?" linafanya kazi kuliko hotuba.

Sheria ndogo za halmashauri

Utaratibu wake ni tofauti kidogo. Kabla halmashauri haijatunga sheria ndogo, tuseme ya ushuru wa stendi, inatakiwa kuwatangazia wakazi kusudio lake na kuwataka walete pingamizi au maoni kwa maandishi. Tangazo linaweza kuwa limebandikwa ubao wa ofisi ya kata na usilione, kwa hiyo mzoeshe mtendaji wako swali hilo. Barua yako ielekee kwa Mkurugenzi, na nakala kwa diwani, kwa sababu madiwani ndio wataipitisha kabla haijakwenda kwa waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa kuidhinishwa.

Uamuzi ukishatoka

Linganisha kilichotangazwa na barua yako, mstari kwa mstari. Kama hoja imeachwa, andika kuuliza sababu. Kwa uamuzi wa LATRA, rufaa huenda Baraza la Ushindani. Muda wa kukata ni mfupi, kwa hiyo mwone wakili wiki ileile, ukiwa na nakala yako yenye muhuri, kwani ndiyo itakayoonyesha kwamba hoja uliitoa mapema. Kanuni iliyotangazwa kwenye Gazeti la Serikali nayo huwasilishwa bungeni, na ipo Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo inayochambua kama imevuka mipaka ya sheria mama. Kamati hiyo hupokea hoja za aina moja hasa: kifungu fulani cha kanuni kinapingana na kifungu fulani cha sheria. Mpe mbunge wako hoja hiyo kwenye karatasi moja.