Ziara ya kwanza kwa mzee anayeishi peke yake

Kuanguka ndiko kunakowatoa wazee wengi majumbani mwao. Kwa hiyo, mhudumu wa afya ya jamii, fomu iweke kando kwanza; anza na njia ya usiku, ile ya kitandani hadi chooni. Mwombe mzee akutangulie, akiwa na viatu vyake vya kila siku. Angalia anaposhika ukuta: hapo ndipo pa kufunga chuma cha kushikia, na kifungwe kwenye ukuta imara. Zulia lililojikunja ncha liondolewe. Tochi ikae mahali anapoifikia kabla hajasimama.

Kisha pima presha, na usiridhike na kipimo cha kukaa. Alale dakika 5, pima. Asimame, pima baada ya dakika 1, halafu dakika ya 3. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, presha yake huporomoka anapoinuka, na kizunguzungu cha alfajiri huenda kinatokana na hilo. Simama karibu naye. Akiyumba mketishe mara moja. Mfundishe kukaa kwanza ukingoni mwa kitanda, akichezesha nyayo juu na chini, ndipo ainuke. Mpe rufaa dawa zake ziangaliwe upya, wala usimkatishe dozi wewe mwenyewe.

Dawa zenyewe aziweke zote mezani, hata za chini ya mto na alizogawiwa na jirani. Soma maandishi madogo yanayotaja dawa iliyomo, kwa sababu dawa moja huuzwa kwa majina tofauti na mzee akameza dozi mbili bila kujua. Diklofenaki, dawa ya maumivu anayonywea magoti, inaweza kupandisha presha na kuumiza figo. Vidonge vya mafua vyenye klofeniramini humsinzisha na kumpotezea mizani.

Mkongojo je? Mkono ukining'inia, kipini kifike mkunjo wa kifundo cha mkono. Aushike upande wa mguu mzima. Wengi huushika upande wa mguu mbovu, ukashindwa kuubebea uzito. Mpira wa chini ukilika, ubadilishwe.

Kabla hujaaga, andika nani ana ufunguo wa akiba na nani humjulia hali kila asubuhi. Rudi baada ya wiki moja, mpite tena njia ileile. Chuma kikiwa hakijafungwa, mara nyingi ni kwa kukosa pesa ya fundi, si ukaidi. Programu ya afya ya jamii itenge fungu la kazi hiyo.