Somo: Panga programu zako, na benki uitengee kivinjari chake

Wadau, kompyuta nyingi zilizotumika zinazouzwa Kariakoo huja na programu ambazo mnunuzi hakuziomba. Tuanze na hizo.

Hatua ya 1. Kwenye Windows 11 bonyeza kitufe cha Windows pamoja na I, ingia sehemu ya programu, fungua orodha ya zilizosakinishwa na uipange kwa ukubwa. Usiyoitumia iondoe. Usiyoifahamu, itafute kwanza mtandaoni. Huenda ni draiva ya printa, yaani programu inayoiwezesha kompyuta kuitumia printa.

Hatua ya 2. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, nenda kwenye programu zinazojiwasha, zima usizozihitaji. Kinga ya virusi iache.

Hatua ya 3, na hapa naomba umakini wenu: tenga vivinjari. Firefox iwe ya benki, TRA na BRELA (wakala wa usajili wa biashara) pekee. Chrome ibaki ya kazi nyingine zote. Kivinjari kimoja hakisomi vidakuzi (kumbukumbu ndogo ambazo tovuti hutumia kukutambua kuwa umeshaingia) vya kingine, kwa hiyo tovuti ya ovyo uliyoifungua Chrome haikuti akaunti yako ya benki iko wazi. Firefox hiyo usiiwekee kiendelezi chochote (programu ndogo ya kuongeza kwenye kivinjari), kwani vingi huomba ruhusa ya kusoma kila ukurasa unaoufungua.

Kisha kivinjari chaguo-msingi kiwe Chrome. Wengi hufanya kinyume, wakidhani kile cha benki ndicho kinachostahili heshima hiyo. Kiungo ukikibofya kwenye barua pepe hufunguka kwenye kivinjari chaguo-msingi, na viungo vya matapeli huja kwa njia hiyohiyo. Ukishazoea mpangilio huu, ukiona Chrome inakuomba nenosiri la benki, funga ukurasa papo hapo.

MASWALI YA WANACHAMA

Mashine yangu ina RAM GB 4. Vivinjari viwili si vitaielemea?

Hapana, kaka. Kivinjari kilichofungwa kinachukua nafasi kwenye diski tu. Ila Chrome na Edge (kivinjari kinachokuja na Windows) zinaweza kuendelea kufanya kazi chinichini hata ukizifunga. Ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya mfumo, uzime hilo.

Nina steshenari Mwenge, najazia wanafunzi fomu za Bodi ya Mikopo. Mara nyingi nakuta akaunti ya mteja aliyepita bado iko wazi.

Dada, kila mteja mfungulie dirisha la mgeni: kwenye Chrome bofya picha ya wasifu juu kulia, chagua mgeni. Akimaliza, funga madirisha yote ya mgeni. Historia na vidakuzi vinafutika. Faili zilizopakuliwa hazifutiki! Vyeti na nakala za vitambulisho hubaki kwenye folda ya vipakuliwa, na hizo ni taarifa binafsi zinazolindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Zifute mteja akiwa bado amesimama hapo, kisha safisha na pipa la taka la kompyuta.