Kabla hujaenda kufanya utafiti Ujerumani

Mtu akipata nafasi ya uzamivu Ujerumani, ushauri wa kwanza anaopewa ni koti la baridi. Koti utalipata hukohuko. Usichoweza kukipata huko ni ruhusa iliyopaswa kutolewa nyumbani.

Kama sampuli zitachukuliwa Tanzania na kupimwa kwenye maabara ya Ujerumani, anza na makaratasi hayo kabla hata ya viza. Utafiti unaohusu afya za watu unataka kibali cha maadili cha NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Uliza mapema kama kibali cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, nacho kinakuhusu. Damu au makohozi hayasafirishwi bila mkataba wa kuhamisha sampuli uliosainiwa na taasisi zote mbili, na saini hizo huzunguka ofisi nyingi. Fomu ya ridhaa ndiyo ninayoisisitiza zaidi: imweleze mshiriki, kwa Kiswahili anachokielewa, kwamba sampuli yake itavuka mpaka. Huyo mama aliyetoa damu yake kwa hiari ana haki ya kujua inakwenda wapi. Asipoambiwa, hakuna barua ya profesa itakayoziba pengo hilo.

Papo hapo, kubalianeni kwa maandishi nani atatunza data na majina yatapangwaje kwenye makala. Mwanafunzi huona haya kuuliza mambo haya, lakini akishaingia maabara ni vigumu zaidi.

Upande wa fedha, mwenye barua ya ufadhili wa kutosha huwa amevuka kikwazo kikubwa cha viza. Anayejilipia kwa kawaida hufungua akaunti maalumu ya zuio, yaani anaweka fedha za mwaka mzima kisha anazitoa kidogokidogo. Kiwango kilichoanza Septemba 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, nawe unaruhusiwa kutoa euro 992 kila mwezi. Hata mfadhiliwa aende na akiba, kwa sababu posho ya kwanza inaweza kusubiri akaunti ya benki ya huko. Mwenye nyumba naye anaweza kudai amana ya hadi kodi ya miezi mitatu, bila gharama za joto na maji; sheria inakuruhusu kuilipa kwa awamu tatu.

Ukishahamia, una wiki mbili za kusajili anwani yako, na msajili atataka barua ya mwenye nyumba kuthibitisha kwamba umehamia kwake. Iulizie barua hiyo kabla ya kulipa chochote. Asiyekubali kuitoa, tafuta chumba kwingine.