Jinsi ya kupata mziki wa laivu bila kiingilio, mwaka mzima

Watu wananiulizaga mbona kila wiki niko kwenye shoo na mfuko wangu wanaujua. Siri yenyewe ndogo tu, mi sifuatilii kumbi, nafuatilia wapigaji, na mji wa saizi ya kati ndo unafaa kwa mchezo huu maana wapigaji ni walewale, jumatano yuko huku, ijumaa unamkuta kule na bendi nyingine kabisa.

Hatua ya 1: anza na mpiga besi
Nenda shoo moja, hata ya kulipia kama hakuna namna, ila usihangaike na mwimbaji, huyo ana bendi moja na wapambe kibao. Mpiga besi au wa dramu anapiga bendi tatu nne kwa sababu kila mtu anamhitaji. Subiri shoo iishe, ukimuona anakunja nyaya peke yake msogelee, msaidie kubeba hata spika moja, afu muulize wiki hii mnapiga wapi tena. Omba namba, uwe unaangalia status zake za WhatsApp. Usimsahau fundi mitambo, yule wa kwenye mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, huyo anapigiwa simu kabla bango halijachapishwa na ratiba ya mji mzima anayo kichwani.

Hatua ya 2: tafuta chuo chochote kinachofundisha mziki
Mwisho wa muhula wanafunzi wanapiga mtihani mbele ya watu, mara nyingi mlango uko wazi na ukumbi mtupu. Mara yangu ya kwanza tulikuwa kama tisa hivi, dogo wa violini anatetemeka mpaka upinde unaruka juu ya nyuzi, kipande cha kwanza kilipoisha nikapiga makofi, peke yangu!! mtahini mmoja akageuka akaniangalia juu ya miwani. Kumbe alikuwa anapiga sonata, mziki wa ala wenye vipande kadhaa, unangoja mpigaji ashushe chombo ndo unapiga makofi. Uliza ofisini ratiba, kawaida imebandikwa tu ukutani na hakuna anayeisoma.

Hatua ya 3: kwaya na kinanda
Wiki chache kabla ya Pasaka na Krismasi makanisa makubwa yanakuwa na mazoezi mazito, muombe mwalimu wa kwaya ukae nyuma.

Hatua ya 4: weka kalenda kwenye simu
Tarehe mbili usizikose. 30 Aprili ni Siku ya Kimataifa ya Jazz, UNESCO waliitangaza 2011 na ikaanza kuadhimishwa 2012. Halafu 21 Juni ni Fête de la Musique, yaani sikukuu ya mziki, ilianza Ufaransa 1982 na wazo lake tangu mwanzo ni watu watoke wapige nje na msikilizaji asilipe, saa hizi iko nchi zaidi ya 100. Kama mji wenu una Alliance Française, kile kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa, anza kuulizia pale kuanzia Mei. Kipindi cha mvua au baridi viwanja vinakufa, hamia ndani, maktaba, makumbusho, na zile jam sesheni za katikati ya wiki, wapigaji wanapanda tu na kupiga pamoja bila kupanga, ambazo mwenye ukumbi anataka tu paonekane pana watu.

Hatua ya 5: soma bango mpaka chini
"Bure" zina aina zake. Kuna bure ya kujiandikisha mapema, kuna bure ila lazima ununue kinywaji, na kuna "bure kabla ya saa mbili", hii ilishanipata, nilifika mbili na dakika nne jamaa wa mlangoni akanionyesha saa yake. Ile ya kupitisha kofia nayo weka chochote bana, wamefanya kazi.

Tamasha likiwa la tiketi na liko uwanja wa wazi, muulize yule mpiga besi wako saundi cheki, yaani kujaribu mitambo kabla ya shoo, ni saa ngapi. Kaa nje ya uzio mchana, utasikia "moja mbili, moja mbili" mpaka uchoke na nusu ya wimbo mmoja mara sita, ila katikati hapo wa trampeti anaanza kujichezea tu, dramu anamdaka, na fundi anawaacha.