Jinsi ya Kusimulia Kisa kwa Ramani: Reli Ilivyoiacha Mpwapwa Pembeni

Vijana ninaowafundisha hapa Dodoma, wakifungua ramani ya mtandaoni kwa mara ya kwanza, huijaza alama: shule, soko, stendi, zahanati. Hiyo ni orodha, bado si kisa. Kwenye kisa lazima kitu kibadilike, na msomaji aone kimebadilikia wapi.

1. Anza na swali. Tutumie hili: reli ilipoingia Ugogo, nchi ya Wagogo, ilikuza mji gani na kuuacha upi? Liandike daftarini kabla hujawasha kompyuta.

2. Chagua vituo vichache. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Sisi tuchukue Dar es Salaam, Morogoro, Gulwe (kituo cha reli karibu na Mpwapwa), Mpwapwa na Dodoma. Tabora na Kigoma zinavutia, lakini hazijibu swali letu.

3. Chukua latitudo na longitudo. Kwenye Google Maps ya simu, bonyeza mahali na ushikilie mpaka namba zitokee. Dodoma mjini ni kama -6.17, 35.74. Hapa kuwa makini sana. Ukisahau alama ya kutoa, Dodoma inahamia kusini-magharibi mwa Ethiopia, maana sisi tuko kusini mwa Ikweta. Ukizipindua namba, alama inaangukia baharini, karibu na Tangier kule Moroko.

4. Tengeneza slaidi. Ninatumia StoryMapJS, programu ya mtandaoni ya kusimulia kwa ramani, ya Knight Lab, Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani. Ni bure, unaingia kwa akaunti ya Google. Kila kituo kinapata slaidi yake: mahali, picha, kichwa, maelezo.

Tulia kwenye slaidi ya Gulwe, ndiyo inayobeba kisa. Vuta ramani mpaka reli na mji wa Mpwapwa vionekane pamoja, Mpwapwa ikiwa juu kulia, chini ya milima. Andika sentensi mbili tu: "Misafara ya biashara ya Bagamoyo ilipumzika Mpwapwa. Treni ikasimama Gulwe." Umbali msomaji anauona mwenyewe, usimweleze tena.

5. Omba ruhusa. Picha ya zamani itajie chanzo. Mzee akikuonyesha mahali pa tambiko, usipaweke kwenye ramani bila ridhaa yake. Pakishaonekana mtandaoni hapafichiki tena.

6. Jaribu kwenye simu. Wengi watakisoma kwa bando dogo. Picha ikichelewa kufunguka, ipunguze ukubwa, uipakie upya, ndipo utume kiungo.