Namna ya Kutambua Kazi ya Misuli ya Mkono Wako

Keti, weka kiganja cha kulia chini ya meza kikitazama juu, kisha sukuma kana kwamba unataka kuiinua, huku vidole vya kushoto vikipapasa upande wa mbele wa mkono, kati ya bega na kiwiko. Utahisi baisepsi ikikaza, kwani ni miongoni mwa misuli inayokunja kiwiko. Hamishia kiganja juu ya meza na ukandamize kuelekea chini: msuli wa mbele utalegea, na traisepsi, iliyo nyuma, itakaza. Misuli hupangwa kwa jozi za namna hii kwa sababu msuli huweza kuvuta mfupa tu, wala hauwezi kuusukuma.

Jambo linalosahaulika mara nyingi, nami naliona la kuvutia zaidi, ni kwamba baisepsi pia hugeuza kiganja kitazame juu. Kunja kiwiko nyuzi 90, kisha geuza kiganja polepole kutoka chini kwenda juu. Msuli utavimba ingawa kiwiko hakijasogea, kwa kuwa kano yake imeshikamana na mfupa wa upande wa kidole gumba. Ndiyo nguvu anayoitumia fundi anapokaza skrubu kwa bisibisi kwa mkono wa kulia. Ukihisi maumivu makali, acha zoezi.