Ghala likijaa, toka: ninavyoendelea na The Long Dark

Mimi ni fundi simu, Langoni, Lamu. Nikishafunga duka napanda darini na laptopu, joto la Machi, upepo umekatika, fulana imeganda mgongoni. Kwenye skrini mtu wangu anakufa kwa baridi huko Kanada.

Gemu hii ya studio ya Hinterland ni ya kupambana na baridi na njaa porini, na haina mwisho ukicheza upande wa kuishi tu, bila hadithi. Hapo ndipo wengi huachia njiani. Mimi nilikwama siku ya 137. Nilikuwa nimehamia ile ofisi ya kambi pale Mystery Lake, moja ya maeneo ya gemu, makopo rafu nzima, nyama ya kulungu nimeitupa nje kwenye theluji isioze. Kazi yangu ikawa kuyeyusha theluji, kunywa, kulala. Nikadhani gemu imenichosha. Kumbe nimeshiba.

Aliyenitoa ni ami yangu, mvuvi, na gemu haijui hata kidogo. Alichungulia akauliza, "Huyu wako hana safari?" Yeye hang'oi nanga bila kujua anakwenda wapi, analeta nini, na maji ya kunywa yatamtosha hadi lini. Basi nikachukua daftari la dukani nikaandika: naenda Coastal Highway, eneo la pwani, kupitia bondeni, kwenye daraja la reli. Naleta ngozi mbili za dubu. Siku ya 165 niwe nimerudi.

Andika kitu kinachochukua muda, kisicholetwa kwa siku moja. Ngozi ya dubu hukauka siku 12, na lazima iwe ndani. Huwezi kukaa ukiilinda pia, maana ukijifungia sana gemu inakupa ugonjwa wa kuchoka nyumba, usiweze kulala ndani mpaka upone. Kwa hiyo unatoka: unavua kwenye vibanda vya juu ya barafu, unaokota kuni, unamkwepa mbwa mwitu. Nilipokuja kushona tandiko la kulalia la zile ngozi mbili nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilichoka. Nilirudi siku ya 171, nimechelewa, na mguu umeteguka.

Chakula cha safarini chukua kidogo kuliko unachodhani. Ukibeba ghala lote umehama nalo, na uvivu wako pia.

Ramani nayo ichore kwa mkaa, kipande kwa kipande. Inachosha vidole ila utagundua mapango uliyoyapita mara kumi.

Kupandisha ugumu? Sawa, lakini si dawa ya kwanza. Ngazi ya Interloper haina bunduki kabisa, kisu na shoka unajifulia mwenyewe kwenye tanuri la mhunzi. Mtu aliyechoka akienda huko atakufa siku ya tatu na kuifuta gemu kwa hasira. Nawajua wawili.

Na usicheze ukisinzia. Yule wa ngozi mbili nilimwua mimi, saa nane za usiku, nikivuka barafu nyembamba ambayo mchana ningeiona. Nacheza maisha ya mara moja, hivyo siku zote 180 na kitu zilikwenda. Sikuanza mwingine usiku ule. Nilikaa wiki nzima.

Huyu wa sasa ana siku 19. Nimemkataza bunduki, ni upinde tu, na kwenye daftari nimemwandikia Timberwolf Mountain, mlima wa kupanda kwa kamba. Kamba bado hana.